Ua, vibarua na meseji tano za deni moja

Simu iliita saa mbili na dakika sita asubuhi, bado nina mswaki mdomoni. Wiki ile namba ya huduma kwa wateja ilikuwa imeelekezwa kwangu, kwa hiyo nikatema povu haraka nikapokea. Alikuwa mzee mmoja wa Kilimanjaro. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza kwa upole kabisa: "Binti yangu, hivi mnanidai laki na ishirini, au mnanidai laki na ishirini mara tatu? Maana hii meseji ni ya tatu." Kabla sijafungua mdomo nikasikia simu yake ikilia mlio wa meseji.

"Nne," akasema.

Naandika programu katika kampuni ndogo hapa Dar, watu watano na birika moja la chai. Wateja wetu ni SACCOS. Wao wanatunza vitabu vya mikopo kwenye mfumo wetu, nasi siku ya rejesho tunamtumia mwanachama meseji saa mbili asubuhi kumkumbusha. Usiku ule tulikuwa tumepakia vikumbusho vya SACCOS moja tu, wanachama 412. Kwa hesabu yangu ilitakiwa zitoke meseji 412, kisha nikanywe chai.

Nieleze kidogo mambo yanavyokwenda ndani, maana kisa chote kimelala humo. Tovuti haiwezi kumsubirisha mtu mbele ya skrini huku inatuma meseji mia nne, ni ujinga. Inaandika kila kazi kwenye kikaratasi na kukiweka kwenye foleni, halafu inaendelea na yake. Pembeni kuna programu nyingine zilizokaa mkao wa kazi, zikivuta kikaratasi kimoja kimoja na kukitekeleza. Hao mimi nawaita vibarua. Anayeshika foleni katikati anaitwa dalali, na kwa hili sikubuni kitu, kwa sababu hata jina lake la Kiingereza ni hilo hilo la dalali. Sisi dalali wetu ni Redis, na vibarua wetu wanaongozwa na Celery, kazi ya Ask Solem ya tangu 2009. Tuna seva tatu ndogo, kila moja na kundi lake la vibarua.

Celery ni jina la ile mboga yenye majani yanayonukia, inayowekwa kwenye supu. Basi mwaka 2012 Mher Movsisyan akaitengenezea ukurasa wa kuisimamia kupitia kivinjari, nao ukaitwa Flower. Nyaraka zinasema litamkwe kama neno la Kiingereza la mtiririko, "flow", ila ukipenda kulitamka kama ua la bustanini ruksa. Ofisini kwetu ni Ua, basi. Jina hili lina utata wake. Niliwahi kumwandikia dogo wa ofisini, "ua vibarua wa seva ya pili," yeye akafungua dashibodi, akaenda kwenye vibarua wa seva ya pili, akakaa anawaangalia. Nusu saa. Alidhani nimesema aangalie Ua.

Kuliwasha hakuna ugumu:

pip install flower
celery -A marejesho flower --port=5555

Hilo "-A marejesho", yaani jina la programu yetu, likae kabla ya neno flower. Makala nyingi za zamani zinaliweka kwingine, na tangu Celery 5 ilipotoka mwaka 2020 mpangilio huo unakutupia kosa usoni. Baada ya hapo unafungua kivinjari kwenye poti 5555 na unaona jedwali: kila kundi la vibarua na mstari wake, yuko hewani au hayuko, amepokea kazi ngapi, ngapi zimefeli, ngapi zimefanikiwa, ngapi zimerudiwa. Ukibofya jina la mmoja unaingia ndani kwake na kuona ana mikono mingapi (yaani anaweza kufanya kazi ngapi kwa wakati mmoja), anasikiliza foleni zipi, ameshika nini hivi sasa. Unaweza kumwongezea mikono au kumpunguzia, kumpa foleni nyingine, kumfunga. Ni mnyapara mwenye daftari, anayekuruhusu uchungulie daftari lake.

Ila mnyapara huyu, na hili nililijua kwa gharama, hachungulii kila kibarua anafanya nini. Anasikiliza kelele zao. Kila kibarua akipokea kazi anapiga ukelele, akianza anapiga ukelele, akimaliza hivyo hivyo, na kila baada ya sekunde mbili anapiga mwingine wa kusema bado yupo hai. Ua linaandika linachosikia. Kila kazi ina namba yake ndefu isiyofanana na nyingine, na kelele zote za namba moja zinaandikwa kwenye mstari mmoja. Shikilia hapo kwenye mstari mmoja.

Turudi bafuni. Nilimwomba radhi mzee, nikakata simu, nikakuta WhatsApp ina picha kutoka kwa dogo, ya saa mbili na dakika nne. Yuko kwenye daladala, amefungua Ua kwenye simu yake, amepiga picha ya skrini. Chini ameandika: "Dada, leo tumekuwa wengi hivi?"

Sikuielewa. Nikakimbilia kompyuta. Vibarua wote hewani, alama za kijani. Safu ya zilizofeli: sifuri, sifuri, sifuri. Nikafungua ukurasa wa kazi nikahesabu mistari: 412. Sawasawa na jana usiku, maana kabla ya kulala nilichungulia nikaona 412, zote zimepokelewa na zinasubiri saa yake, nikajisifu moyoni. Kwa macho ya mtu mwenye haraka hapakuwa na tatizo lolote duniani, isipokuwa simu yangu ambayo sasa ilikuwa inaita mfululizo.

Nikaingia kwenye kazi moja moja na kubonyeza kitufe cha kuifuta. Kama umewahi kufuta kazi za kwenye foleni kwa mkono, huku kila dakika zinatoka 180, unajua nilivyojisikia. Kitufe cha kuzifuta zote kwa mpigo sikukiona. Nikaona bora niwafunge vibarua wenyewe: nikaingia kwa kila mmoja, Shut Down, Shut Down, Shut Down. Alama zikabadilika, wote nje ya hewa. Nikavuta pumzi.

Sekunde tano hivi. Wa kwanza akarudi kijani. Wa pili. Wa tatu.

Jamani, nilikuwa nimesahau kwamba miezi kadhaa nyuma, kwa mikono yangu hii, niliwaandikisha vibarua kwenye systemd, msimamizi wa programu ndani ya seva, na mstari wa Restart=always. Maana yake kibarua akitoka kwa sababu yoyote, hata akitoka kwa adabu baada ya kuambiwa kazi imekwisha, arudishwe. Nilikuwa nawafukuza mlango wa mbele, systemd inawaingiza wa nyuma. Na wakifungwa kistaarabu, kazi walizoshika bila kuzikamilisha zinarudi kwa dalali, kwa hiyo walipoamka walizikuta pale pale, saa yake imeshapita, wakazichapa bila kungoja. Kitufe changu hakikuwa kimezuia chochote. Ikabidi niingie kwenye seva moja baada ya nyingine kwa ssh, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, systemctl stop, kimya. Halafu celery -A marejesho purge, inayomwaga kila kilichobaki kwenye foleni, pamoja na ripoti mbili za mwezi zisizo na hatia ambazo baadaye nilizipanga upya kwa mkono. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na moja. Zilikuwa zimetoka meseji 1,987.

Meneja alipofika ofisini wazo lake la kwanza lilikuwa tutume meseji ya kuomba radhi kwa wanachama wote. Nikamwangalia tu. Akaelewa.

Kutafuta chanzo ilinichukua mpaka mchana, na nilianza kwa kujiharibia. Niliona bora niliwashe Ua upya kwanza, labda lenyewe limechanganyikiwa. Likawaka safi, jeupe, bila kumbukumbu hata moja. Ukiliwasha kama nilivyoliwasha mimi, Ua linaweka kila kitu kichwani, ukilizima limesahau. Kuna --persistent=True na --db ya kulionyesha faili la kutunzia, nami nilikuwa nimezisoma siku nyingi na kusema nitaziweka kesho. Kwa kawaida hata hapo linaandika kwenye faili wakati wa kuzimwa tu, kwa hiyo likifa ghafla usiku huna kitu. Weka na --state_save_interval, liandike kila baada ya muda.

Ushahidi uliobaki ni picha ya dogo. Nikaikuza. Mistari mitatu, na safu ya Processed inasoma 1,101, 1,088 na 1,107. Nikajumlisha: 3,296. Nikachukua kalkuleta ya simu nikagawa kwa 412.

Nane kamili. Hata robo haikubaki.

Hapo ndipo nilipojua kwamba safu ile nilikuwa naisoma vibaya tangu siku ya kwanza. Jina lake linasema kazi zilizoshughulikiwa, lakini kinachohesabiwa pale ni ukelele wa kupokea. Kazi moja ikipokelewa mara nane, safu inapanda nane, wakati ukurasa wa kazi unaendelea kuonyesha mstari ule ule mmoja, kwa sababu namba yake ni moja. Vibarua walikuwa wamepokea kila kikumbusho mara nane, na daftari la mnyapara lilikuwa limeliandika jambo hilo waziwazi, kwenye ukurasa ambao mimi nilikuwa naangalia rangi tu.

Kwa nini nane? Tulipakia saa sita kamili usiku, na kila kazi ilibeba agizo la kutekelezwa saa mbili asubuhi. Katikati pana muda wa saa nane. Sasa ukimpa kibarua wa Celery kazi ya baadaye, haiachi kwa dalali mpaka wakati ufike. Anaichukua mapema, anaikumbatia, anaangalia saa. Na muda wote huo hajamwambia dalali kwamba ameimaliza. Redis peke yake haina habari na vibarua waliokufa kazi ikiwa mkononi, kwa hiyo Celery imewekewa kanuni: kazi iliyochukuliwa ikakaa bila kuthibitishwa kwa muda fulani, ichukuliwe kwamba aliyeishika amekufa, irudishwe kwenye foleni apewe mwingine. Muda huo unaitwa visibility_timeout, na usipougusa ni sekunde 3,600. Saa moja.

Saa saba usiku dalali akaona kazi 412 hazijathibitishwa, akasema maskini, vibarua wamekufa, akazigawa upya. Waliopewa wakazikumbatia nao wakasubiri. Saa nane tena. Saa tisa, saa kumi, mpaka saa moja asubuhi. Ilipogonga saa mbili kila mmoja akatekeleza kwa uaminifu mzigo wake wote. Ndiyo maana safu ya zilizofeli ilikuwa sifuri: meseji ya nne ya mzee wangu ilifanikiwa kama ya kwanza. Na jambo hili limeandikwa kwenye nyaraka za Celery, kwenye ukurasa wa Redis, sehemu ya tahadhari. Nilikuwa nimeupita ukurasa ule nikitafuta namna ya kuweka nywila.

Kilichotuokoa tusifike 3,296 ni breki niliyoiweka kwa sababu nyingine kabisa. Kampuni inayotupitishia meseji haitaki zaidi ya tatu kwa sekunde, na kazi yetu ilikuwa na rate_limit ya sitini kwa dakika. Breki hii ni ya kila kundi la vibarua peke yake, haihesabiwi kwa wote pamoja, na kwa makundi matatu ikawa 180, yaani tatu kwa sekunde kamili. Bila breki hiyo mzee angepata nane zote kabla hajavaa miwani.

Tiba ya siku ile ile ilikuwa mstari mmoja, visibility_timeout kuwa 43200, saa kumi na mbili. Nilijua ni plasta. Ukirefusha muda huo, kibarua akifa kweli kazi yake inakaa saa kumi na mbili bila mwenyewe. Wiki iliyofuata tuliacha kabisa kuwapa vibarua kazi za kukumbatia. Tarehe na saa ya kila kikumbusho sasa vinakaa kwenye hifadhidata, na kila dakika tano kazi ndogo inaamka, inauliza nani saa yake imefika, inawapanga kwenye foleni hapo hapo. Kabla ya kutuma, kibarua anaandika kwanza kwenye jedwali kwamba kikumbusho fulani cha tarehe fulani kimeshikwa, na jedwali halikubali mistari miwili inayofanana. Wakija vibarua wanane na kikaratasi kimoja, saba wanarudi mikono mitupu.

Nikadhani nimemaliza. Jioni napita tena kwenye picha ya dogo kuandika ripoti, ndipo swali likanijia ambalo lilipaswa kunijia asubuhi. Dogo alikuwa kwenye daladala. Amefunguaje Ua?

"Dada, si naandika tu anwani ya seva na 5555?"

Bila nywila. Kwa hiyo na wewe ungeweza, na mtu yeyote wa popote. Ua likiwashwa hivi hivi halimuulizi mtu jina. Na siyo vitufe peke yake, ingawa mtu baki kuweza kufunga vibarua wako, kama ilivyokuwa kwenye matoleo ya zamani likiwemo letu, tayari ni balaa. Ukurasa wa kazi unaonyesha kila kazi ilipewa vigezo gani, na vigezo vya kazi yetu vilikuwa jina la mwanachama, namba ya simu na kiasi anachodaiwa. Mistari 412 ya madeni ya watu, wazi kama tangazo la mnada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023, lakini sikuhitaji sheria kunitoa jasho. Nilimfikiria yule mzee, aliyeuliza deni lake kwa sauti ya chini kwenye simu, pengine mkewe yuko chumba cha pili.

Kesho yake poti ilifungwa. Ua sasa linasikiliza ndani ya seva tu, na anayelitaka anapitia ssh -L 5555:localhost:5555, kisha bado linamuuliza jina na nywila kwa --basic_auth. Kuna njia ya kuingia kwa akaunti za nje, OAuth, lakini mwaka 2022 ilitangazwa kasoro iliyowezesha watu kupenya humo, ikapewa namba CVE-2022-30034. Ilishazibwa, ila kwa ofisi ya watu watano sikuona sababu ya kuongeza mlango. Na kazi zetu hazibebi tena simu wala kiasi. Zinabeba namba ya kikumbusho tu, na kibarua anakwenda mwenyewe kwenye hifadhidata kuchukua mengine. Ukifungua ukurasa leo unaona 88213, 88214, 88215. Haupendezi kuuangalia na hausemi siri za mtu.

Dogo alinuna kidogo kwa sababu hawezi tena kuchungulia akiwa kwenye daladala. Nilimkumbusha kwamba uchunguliaji wake ndio uliotupa picha. Akasema basi aongezewe mshahara.

Mzee wa Kilimanjaro nilimpigia tena siku tatu baadaye, kwa aibu yangu mwenyewe, kumhakikishia deni ni moja. Akacheka, akasema ameshalipa asubuhi ile, tena mapema kuliko miezi yote, kwa hofu. Nikaingia kwenye mfumo nikaona kweli, rejesho limeingia, na kibarua wa seva ya tatu bado hajamtumia meseji ya shukrani kwa sababu tulikuwa tumezizima zote. Nikamwambia asikate simu. Nikaiweka kazi ile peke yake kwenye foleni, Ua liko wazi mbele yangu: imepokelewa, imeanza, imefanikiwa. Processed ikapanda kwa moja.

"Imeingia," mzee akasema. Tukanyamaza wote wawili, tukisikiliza kama itafuata nyingine.